Viti Vitupu vya Mama Nuala: Muziki wa Ireland Ulivyonikamata Nikiwa Kintinku

Wakuu, salaam zenu popote mlipo, wa mjini na wa porini.

Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Ila juzi nimeona uzi wa mdau anauliza kama kuna mtu amewahi kusikia muziki wa asili wa Ireland ukipigwa laivu, watu wakamcheka kwamba amekosa cha kuuliza. Mimi sikucheka. Nimeusikia, tena mkoani kwetu Singida, na mpaka leo sijapona.

Hii siyo chai. Nilikuwepo kwa miguu yangu. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyotokea. Kama kuna mtu wa Kintinku humu, anisahihishe nikipindisha.

Nianze na safari, maana bila hiyo safari nisingeelewa kitu.

Mimi ni fundi bomba. Nimevuka arobaini, shule niliishia kidato cha nne, kwetu ni Mungaa, wilaya ya Ikungi. Tangu nimalize shule sijakaa mahali mpaka majirani wakanizoea. Nimefunga mabomba Kahama, Mpanda, Njombe. Miguu yangu ina kiwasho. Kazi ikiisha tu, naanza kuangalia barabara.

Wakati huo nilikuwa Tunduru. Akanipigia rafiki yangu Sele, niliyewahi kufanya kazi naye: "Njoo Kintinku, Manyoni. Kuna zahanati tunafumua mabomba yote. Kazi ya miezi."

Sikuuliza mara mbili. Kintinku ni uelekeo wa kwetu.

Basi la kwanza lilinipeleka Songea. La pili Makambako, kisha Iringa, nikashuka na bonde la Mtera hadi Dodoma. Kote huko nilikaa chini ya spika. Sijui nina nyota gani, kila basi kiti changu kiko chini ya spika, na kila spika imepasuka. Dereva mmoja alikuwa na flashi yenye nyimbo chache, zikiisha zinaanza upya. Nilipofika Iringa nilikuwa najua hata mahali ambapo mwimbaji anavuta pumzi.

Nilimwomba konda apunguze. Akanijibu, "Mzee, hii ndiyo huduma."

Kutoka Dodoma nikapanda lori la saruji. Dereva wa lori naye alikuwa na redio. Wakuu, nilipofika Kintinku nilikuwa nimeapa sitaki kusikia muziki tena maisha yangu yote. Nataka kusikia mbuzi tu.

Nilishuka Jumamosi alasiri. Jua kali, mashamba ya mpunga upande mmoja, reli upande mwingine. Mashine ya kukoboa mpunga ilikuwa inaunguruma pale jirani na zahanati. Nikiwa nauliza njia, mashine ikazimwa.

Ukawa ukimya. Na ndani ya ule ukimya nikasikia fidla.

Sasa mnisikilize vizuri. Fidla nilikuwa nimeisikia kwenye redio, kwenye filamu. Hii ilikuwa kitu kingine. Ilikuwa inakimbia kwa kuchechemea, kama mtoto wa mbuzi aliyefunguliwa kamba. Ilikuwa inakwaruza kidogo. Nilisikia mguu unapiga sakafu. Nilisikia mtu anavuta pumzi. Hakuna spika. Sauti ilitoka kwenye mbao na kuja moja kwa moja kwangu.

Nikaacha kuuliza njia, nikaifuata.

Kwenye baraza la nyumba ndogo ya bati alikuwa amekaa mama wa Kizungu, mtu mzima wa miaka sabini na kitu, nywele nyeupe, kitenge kiunoni, macho kayafumba. Mbele yake kulikuwa na viti vinne vya mbao vimepangwa duara. Vyote vitupu. Kwenye kimojawapo kililala kingoma chembamba, umbo lake kama chekeche la unga, ila kimewambwa ngozi ya mbuzi upande mmoja.

Nilikuwa nimechoka. Nikatua begi, nikakaa kwenye kiti.

Kumbe nimefanya jambo ambalo kijiji kizima kilikuwa hakijalifanya kwa miaka.

Alifungua jicho moja, akanitazama, akaendelea kupiga. Alipomaliza akasema kwa Kiswahili safi chenye lafudhi ya Kigogo:

"Mbukwenyi, mwanangu."

Hiyo ni salamu ya Wagogo. Nikajibu kwa Kiswahili, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Tunduru, mama. Kwetu Mungaa."

"Mnyaturu," akasema, kama daktari aliyegundua ugonjwa. "Basi shika hiyo ngoma, usikae bure."

Huyo ndiye Mama Nuala. Alitoka Ireland akiwa binti, mkunga, akazalisha akina mama pale mpaka watoto aliowapokea wakaanza kumletea watoto wao. Alikuwa ameshastaafu. Kila mtu alimjua kwa mikono yake ya kazi. Fidla waliichukulia kama tabia yake tu, kama vile mwingine anavyopenda kufuga paka.

Siku hiyo hiyo nikaharibu. Alianza wimbo wa polepole, mrefu, kama mtu anaita ng'ombe waliopotea jioni. Mimi mtoto wa Kitanzania, nimekuzwa kwamba kitu kikinoga unakishangilia. Katikati nikapiga makofi na kupaza sauti, "Aaah, mama, waue!"

Akasimamisha upinde.

"Nani afe?" akauliza.

Nikanywea. Akacheka mpaka akakohoa. Akanieleza kwamba kwao wimbo wa polepole hauguswi. Unakaa nao kama unavyokaa na mgonjwa. Zile za mbio ndizo za kupiga miguu. Na kwamba watu hawakai kumtazama mpigaji, wanakaa duara, wanatazamana wenyewe, kila mtu na chombo chake, wimbo unazunguka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila kuambiana. Hakuna steji. Anayetaka kusikiliza asimame nyuma anywe chai yake.

"Na anayetaka kuingia?" nikauliza.

"Anakaa kwenye kiti. Haombi."

"Na anayetaka kutoka?"

"Anaweka chombo chake kitini, anaondoka. Haagi katikati ya wimbo."

Wakuu, hapo ndipo kitu kiliponigusa. Bibi yangu Mungaa alikuwa anapura mtama na wenzake, wanaimba, wamezunguka lile rundo, migongo yao kwetu sisi watoto. Hakuna aliyeimba ili sisi tusikie. Sisi tulikuwa tunaiba tu. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba muziki unaweza kuwa hivyo. Miaka yote nimezunguka nchi hii nimekaa chini ya spika, kumbe nilikuwa natafuta lile duara.

Nilirekodi kwenye simu. Usiniulize nikutumie, nilishafuta. Nilipousikiliza chumbani ulikuwa kama kunusa nyama choma ya jirani. Kila kitu kipo, ila hushibi. Huu muziki utamu wake uko kwenye kukaa karibu mpaka uone vumbi la utomvu mkavu unaopakwa kwenye upinde likiruka, ukijua kabisa kwamba huyu mtu anaweza kukosea muda wowote, na asipokosea unashukuru.

Basi Jumamosi zangu zikawa za pale. Akanifundisha kile kingoma. Kinashikwa wima, mkono mmoja nyuma ya ngozi, mwingine unapiga kwa kijiti chenye vichwa viwili. Ngozi ya kwanza aliyokuja nayo ilikuwa imepasuka zamani, hii ilikuwa ya mbuzi wa Kintinku.

Kijiji kilinicheka, hamjaona. Kwa Wagogo kuna ngoma za muheme, na zile hupigwa na kina mama, wamezibana mapajani. Mwanaume mzima kukaa barazani na kingoma ilikuwa sinema ya bure.

Aliyeongoza kunicheka ni Mama Sechelela, kiongozi wa muheme pale kijijini, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya reli.

"We Mnyaturu, chekeche limezibwa hilo, unga utapitia wapi?"

"Napepeta maneno yako, mama."

"Na unavyoishika! Utafikiri unaiogopa."

Ngoja nieleze kwa wasiojua. Wanyaturu na Wagogo ni watani. Mtani ana ruhusa ya kukusema, kukuibia kuku wako mbele ya macho yako, kuvuruga shughuli yako, na hukasiriki. Ukikasirika umejiaibisha mwenyewe. Shikeni hilo, litakuja kuwa na kazi huko mbele.

Jumamosi moja nikagundua kuna wimbo mmoja ambao kila mara unakatika pale pale. Ulikuwa wimbo wa baba yake Mama Nuala, aliyemfundisha jikoni kwao akiwa mdogo, kwa sikio, bila karatasi. Alikuwa akifika mzunguko wa tatu, vidole vinakakamaa. Baridi yabisi. Upinde unashuka, wimbo unakufa hapo hapo.

Akaangalia mkono wake kama anaangalia mbwa mkorofi.

"Miaka yote nimeupiga peke yangu," akasema. "Nikisimama, nao unasimama. Kwetu mmoja akichoka wengine wanaendelea, yeye anakaa anausikiliza. Nataka niusikie mara moja tu, mwanangu, ukienda mbele mimi nikiwa nimenyamaza. Halafu naweza kwenda."

Na safari ilikuwepo kweli. Mdogo wake, Fintan, alikuwa anakuja kumchukua arudi Ireland moja kwa moja. Macho ya mama yalikuwa yanafifia na nyonga ilikuwa imemsumbua muda mrefu.

"Lakini mama," nikasema, "hivi viti umeviweka miaka yote. Kwa nini watu hawaji?"

"Sijui. Vimekaa wazi."

Nikaenda kuuliza upande wa pili.

Yule mwenye mashine ya kukoboa anaitwa Lechipya. Mtu wa karibu miaka sitini, mrefu, mdomo kama wembe. Na ndiye mpiga zeze hodari kuliko wote ukanda ule. Zeze lake lina kibuyu chini, nyuzi nne, na kiupinde kidogo. Ukifumba macho utasema ni bibi yake fidla.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mnyaturu umekuja kuiba nini leo?"

"Nimekuja kuuliza. Kwa nini huendi na zeze kwa Mama Nuala? Uko hapa hapa, njia tu inawatenganisha."

Akafuta mikono ya pumba kwenye suruali.

"Ameniita lini?"

"Viti si viko pale?"

"Viti vya wageni wake. Kila Jumamosi anawapangia, hawaji. Tunamwonea huruma. Mtu mwenye akili atakwenda kukalia kiti cha mgeni wa mwenzake? Tena na zeze mkononi, nionekane nimefuata chakula? Mtu na zeze lake anaitwa."

Wakuu, hebu oneni. Kijiji kizima kilikuwa kinaheshimu viti! Na mwenye viti alikuwa anasubiri kijiji!

Nikarudi mbio kwa Mama Nuala. "Mama, mwite tu Lechipya. Anasubiri kuitwa."

Akakunja uso. "Nikimwita nimemfanya kibarua. Atakuja kunipigia mimi. Sitaki anipigie, nataka akae. Mlango uko wazi."

Nikarudi kwa Lechipya. "Amesema mlango uko wazi."

"Mlango wa duka nao uko wazi. Mimi naitwa."

"Basi mimi nakuita."

"Mtani wangu ataniitaje kwenye nyumba isiyo yake? Kesho utaniita kwenye benki."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa navuka ile njia, mguu huku mguu kule, kati ya watu wawili wenye adabu kupita kiasi, na kila mmoja na adabu ya kwao.

Kitu kimoja tu kilinipa moyo. Ile mashine ilikuwa inazimwa kila Jumamosi alasiri. Wateja wapo, mpunga upo, inazimwa. Nilimuuliza Lechipya kwa nini.

"Inapoa," akasema, akaangalia pembeni.

Fintan akafika. Mzee mfupi, mpole, Kiswahili chake ni "asante" na "maji". Masanduku yakaanza kufungwa. Na kijiji, kwa upendo wote, kikaunda kamati ya kumuaga mkunga wao.

Mnajua kamati zetu. Ilifanya kila kitu ambacho kamati nzuri hufanya. Turubai, meza kuu yenye vitambaa vya kung'aa, maua ya plastiki, spika mbili ndefu kama milango, na MC kutoka mjini mwenye miwani myeusi. Shughuli mchana, uwanja wa zahanati.

Nilimwambia katibu wa kamati, "Mama hapendi spika. Anapenda kukaa duara."

Akaniangalia kwa huruma. "Fundi, tumuage mama kama msiba wa mtu asiye na ndugu? Acha apewe heshima yake."

Alikuwa na haki.

Siku ikafika. Mama Nuala akakalishwa meza kuu katikati, kavishwa vitenge kama vinne, Fintan pembeni yake anatoka jasho. Sanduku la fidla liko chini ya meza, limefunikwa na kitambaa. Mimi niko nyuma na mafundi wenzangu, kile kingoma nimekibeba kwenye mfuko wa saruji, sijui kwa nini nilikibeba. Nadhani nilikuwa nategemea muujiza.

Hotuba zikapita. Spika zikapiga nyimbo za kwenye basi la Songea, nawaapia, zile zile.

Kisha MC akatangaza, "Sasa burudani ya asili! Kundi la zeze na muheme, sogeeni mbele, mtazameni meza kuu!"

Lechipya akatoka na zeze lake, hatimaye ameitwa. Mama Sechelela na wenzake na ngoma zao. Wakakalishwa mstari kama wanafunzi. MC akamsogezea Lechipya maiki mpaka ikagusa nyuzi. Spika zikalia kwii, watu wakaziba masikio. Zeze likatoka kwenye zile spika kama nyuki kwenye kopo.

Nikamwangalia Mama Nuala. Alikuwa anatabasamu kwa adabu. Mikono kaificha chini ya meza. Nilijua anachofanya, alikuwa anakanda vidole. Kesho yake asubuhi gari lingemchukua. Wapigaji wako hapo, yeye yuko hapo, katikati kuna meza, vitambaa na maua ya plastiki. Nikaona kabisa kwamba ataondoka bila kuupata wimbo wake, tena ataondoka anasema asante.

Hapo ndipo nikakumbuka mimi ni nani pale. Mimi sikuwa mgeni, sikuwa mwanakamati. Mimi ni mtani.

Nikatoka nyuma nikaenda mpaka meza kuu, moja kwa moja. MC akasema kwenye maiki, "Kaka, taratibu, bado hatujafika kwenye zawadi."

Nikapaza sauti, "Wagogo! Huyu mama mmemkalisha kama chungu cha maonyesho! Mmeshindwa kumtunza, Mnyaturu namwiba!"

Kisha Mama Sechelela akapasua kicheko. "Mwizi! Mwizi wa kuku leo kaiba mkunga!"

Uwanja mzima ukalipuka. Katibu wa kamati akanyanyuka na hasira, mama mmoja akamvuta shati: "Kaa chini, ni mtani huyo." Akakaa. Angefanya nini?

Nikamwashiria Fintan. Sijui alielewa nini, ila alishika upande wake wa kiti nami wangu, tukambeba Mama Nuala na kiti chake, vitenge vinaburuta, anacheka kama binti, tukamtua mbele ya Lechipya kabisa, magoti yanakaribia kugusana. Mgongo wake ukawa kwa wageni wa heshima.

"Mama arudi meza kuu tafadhali," MC akasema.

Mama Sechelela akamfuata, akamnyang'anya maiki kwa upole kama anavyonyang'anywa mtoto kisu. Akaizima.

Nikaleta fidla. Nikavuta kiti nikakaa, nikatoa kile kingoma kwenye mfuko wa saruji. Fintan akakaa, akatoa kifilimbi cha bati mfuko wa shati. Kina mama wa muheme wakasogeza ngoma zao bila kuambiwa, maana ukikaa mstari wenzako wamekaa duara unajiona mjinga. Duara likafunga.

Lechipya akamwangalia Mama Nuala. "Umeniita?" akauliza.

"Huyu mwizi ndiye kaniweka hapa," akasema Mama Nuala. "Mimi nimekukuta umekaa."

Lechipya akacheka kwa pua. Nadhani wote wawili waliona kwamba hakuna aliyeshindwa.

Akaanza. Wimbo wa baba yake.

Mzunguko wa kwanza peke yake na Fintan, kifilimbi kinamfuata juu kama ndege. Wa pili muheme zikaingia chini chini, mimi nikatafuta pa kupita. Watu wakasogea, wakatuzunguka, wakawa ukuta. Hakuna aliyepiga makofi. Sijui nani aliwaambia.

Mzunguko wa tatu vidole vikakakamaa.

Niliona. Nilikuwa nimekaa ubavuni kwake. Upinde ukashuka, uso wake ukawa ule wa barazani. Kifilimbi cha Fintan kikayumba kwa kumwangalia dada yake.

Na zeze likaubeba.

Wakuu, Lechipya aliupokea ule wimbo pale pale ulipoangukia, nota ile ile, akaenda nao. Siyo kwa kubahatisha. Aliujua wote, na mikunjo yake yote, na mahali unaporuka na mahali unapopumua. Aliupiga Kigogo, mzito kidogo, nyuzi zinanguruma chini yake, lakini ni ule ule. Miaka yote ya mashine "kupoa" ilikuwa kwenye vile vidole.

Fintan akarudi. Muheme zikapanda. Wimbo ukazunguka mara ya nne, ya tano, sijui ya ngapi.

Mama Nuala aliweka fidla mapajani, mikono juu yake, akafumba macho, akasikiliza. Hakulia. Mguu wake tu ulikuwa unapiga vumbi. Kina mama wakaanza kuja kumtunza kwa kanga, wa kwanza alipofika karibu akasita, akaikunja kanga yake, akasimama tu nyuma ya kile kiti, mkono begani kwa mama. Wengine wakafanya hivyo hivyo.

Wimbo ukaisha. Lechipya akafuta jasho.

"Mashine imepoa?" Mama Nuala akamuuliza.

"Imepoa, mama."

Kesho yake asubuhi aliondoka. Fidla alikwenda nayo. Viti alimwachia Lechipya, na kile kingoma aliniambia nikae nacho. Hakuaga kwa maneno mengi. Alinishika mkono, akasema, "Umenifanya mtu wa kusikiliza."

Mimi nilibaki mpaka mabomba yakaisha. Jumamosi viti vilikuwa vinatolewa mbele ya mashine, na sasa havikai vitupu.

Kisha simu ikaita. Kazi Mitundu, huko Itigi. Kiwasho cha miguu kikaanza. Nilipanga kuondoka na kile kingoma, nilishakifungia kwenye begi la spana.

Siku ya kuondoka ilikuwa Jumamosi. Gari la Manyoni linapita alasiri. Nikakaa kwenye duara mara ya mwisho, begi pembeni, nikakitoa kingoma niseme nipige kidogo tu. Wakauanza wimbo wa baba yake Mama Nuala. Tulikuwa katikati gari likapiga honi barabarani.

Nimeondoka sehemu nyingi wakuu. Kila nilikotoka nimekuwa nikihisi nimeua kitu. Naagana, nakaa kimya safari nzima, sirudi. Mungaa nilitoka hivyo hivyo.

Siku ile nilisimama. Nikakiangalia kingoma. Nikakiweka kitini, nikachukua begi, nikatembea. Sikuaga.

Nilipofika barabarani nikasikia pengo mahali nilipokuwa. Pigo moja, mawili. Kisha mkono mwingine ukaingia, mzito kuliko wangu, wa muheme. Mama Sechelela. Alikuwa anapiga vizuri kuliko mimi, na ninajua alikuwa anasubiri kwa muda mrefu nimpishe.

"Mwizi anakimbia!" Lechipya akapaza sauti, hakusimamisha upinde.

Nikapanda gari. Kintinku sijarudi tena kuishi, na sidhani nitarudi. Kutoka Mitundu, hata hivyo, nilipitia Mungaa kabla ya kwenda kwingine. Nilikaa wiki kadhaa. Ni kitu ambacho sikuwa nimefanya tangu kidato cha nne.

Nilichojifunza ni hiki. Muziki mzuri hauhitaji wewe uusikie, unahitaji kiti kimoja zaidi. Na sisi watu wa huku tunaweza kukosa mambo makubwa kwa sababu ya kuheshimiana kupita kiasi, huyu anasubiri kuitwa, yule anasubiri uje. Ukiona hivyo tafuta mtani, avunje.

Sasa leteni za kwenu. Nani humu amewahi kukaa mahali muziki unapigwa ambao haukuwa wake, akajikuta ni wake? Wale waliomcheka yule mdau wa juzi nao waje, nawasubiri kwa hamu.

Na mkipita Kintinku siku ya Jumamosi, mkakuta mashine ya kukoboa iko kimya na kuna kiti kitupu, hicho kiti hakina mgeni. Kaeni.